Lalibela kwa Begi la Mgongoni, na Marafiki wa Njiani

Mwezi huu barua nyingi zilizofika Lubumbashi kwenye meza ya ukurasa huu zinauliza kuhusu mji mmoja: Lalibela, mji wa makanisa yaliyochongwa ndani ya jiwe katika milima ya kaskazini mwa Ethiopia. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu imebeba maswali ya wasomaji wengine wengi.

SWALI: Yaya (dada mkubwa), mimi ni muuguzi, nina umri wa miaka 27, naishi Kampemba, hapa Lubumbashi. Parokia yetu ilikuwa imepanga hija ya pamoja, lakini ikavunjika, na fedha nilizoweka kwa miaka mitatu ninazo bado. Nimeamua kwenda Lalibela peke yangu, begi mgongoni, wakati wa Noeli yao ya Januari. Tatizo ni kwamba mimi ni mtu mkimya, na Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Nitafikaje, nikae siku ngapi, na je, mtu kama mimi atapata wenzake wa safari, au atarudi akiwa hajazungumza na mtu? (Msomaji wa Kampemba)

JIBU: Mdogo wangu, nianze na hilo unaloliogopa zaidi, yaani ukimya wako, kwa kuwa mambo ya ndege na viza yana majibu mafupi. Nilifika Lalibela mara ya kwanza Januari 2019, nikiwa na maneno matano ya Kiamhari na woga kama wako. Nilikuwa nimepanga kukaa siku mbili tu. Siku hizo mbili nilitembea kama karani anayehesabu mali ya ghala: kanisa hili, picha, kanisa lile, picha, na jioni nikala peke yangu na kulala mapema. Siku ya tatu, badala ya kwenda uwanja wa ndege, nilibadili tiketi, nikakaa siku sita zaidi. Marafiki wote niliowapata pale niliwapata baada ya asubuhi hiyo. Kwa hiyo, kabla hujauliza bei ya chumba, amua kwanza kwamba utakaa juma zima.

Sababu yake ni kwamba Lalibela ni mji mdogo, na makanisa yake 11 yamekaa karibu karibu: matano upande wa kaskazini, matano upande wa mashariki, na moja, Bete Giyorgis, limesimama peke yake. Watu wanapita katika mitaro ileile na ngazi zilezile. Ukikaa, uso wako unazoeleka. Yule mama mfaransa uliyemwona jana akiwa amekaa ukutani akichora utamwona tena leo, na kesho mtasalimiana kama majirani wa mtaa mmoja, bila yeyote kulazimika kutafuta neno la kuanzia. Shemasi kijana anayelinda viatu mlangoni ataacha kukuita mgeni. Mtu mkimya hufaidika na mazoea haya kuliko msemaji, kwa sababu msemaji anaweza kupata wenzake mahali popote hata kwa dakika tano, lakini sisi wengine tunahitaji kuonwa mara ya pili na ya tatu.

Halafu kuna kahawa. Ethiopia ni nchi ya kahawa, na pale kahawa hainywewi kwa haraka. Mwenye nyumba hutandaza majani sakafuni, huchoma ubani, hukaanga buni mbichi mbele yenu, huitwanga, huichemsha katika birika la udongo liitwalo jebena, kisha huwamiminia mara tatu. Kikombe cha kwanza huitwa abol, cha pili tona, na cha tatu, ambacho maji yake yamekuwa mepesi, huitwa bereka, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa, kwa maana ni baraka yetu hii hii. Kuondoka kabla ya bereka si adabu. Hebu fikiria maana yake kwa msafiri mpweke: umekaa kwenye kigoda kwa muda wa saa nzima, pamoja na mtu aliyetoka Nairobi, mwingine aliyetoka Lyon, na bibi wa jirani anayesokota pamba, na hakuna hata mmoja wenu anayeruhusiwa kuondoka. Hapo ndipo nilipompata mwanafunzi mkenya ambaye mpaka leo tunaandikiana, na tulizungumza Kiswahili, chake cha kwao na changu cha huku, tukicheka kila mmoja alipolazimika kurudia sentensi yake.

Jambo la lugha lisikusumbue sana. Wasafiri wanaozungumza Kifaransa wapo, na utashangaa ni maneno mangapi ya Kiamhari na ya Kigeez, ile lugha ya kale ya ibada, ambayo sikio lako litayatambua. Kila kanisa linaitwa bete, yaani nyumba, na ni ndugu wa lile neno la Kiarabu lililotupatia beti la shairi. Bete Maryam ni nyumba ya Maria. Bete Medhane Alem ni nyumba ya Mwokozi wa ulimwengu. Hata saa wanazihesabu kama Kiswahili kinavyozihesabu, kuanzia mapambazuko, hivyo saa mbili ya asubuhi ni saa mbili, wakati wasafiri kutoka Ulaya wanasumbuka kutoa na kujumlisha sita. Kalenda yao, hata hivyo, ina miezi 13 na iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Mimi nilifika mwaka 2019 kwa hesabu yetu, na kwenye risiti ya chumba iliandikwa 2011.

Sasa nikuambie unakwenda kuona nini, kwa sababu mtu wa Katanga ataliona jambo hili kwa jicho lake mwenyewe. Makanisa haya hayakujengwa. Watu walianza juu, kwenye uso wa mwamba mwekundu wa volkeno, wakachimba mtaro, kwa baadhi ya makanisa ukazunguka pande zote nne, mpaka likabaki pande kubwa la jiwe, kisha wakaingia ndani ya pande hilo na kulichonga nguzo, matao, madirisha na dari. Bete Medhane Alem, lililo kubwa kuliko yote, lina urefu wa zaidi ya mita 33. Bete Giyorgis lina umbo la msalaba, na ukisimama ukingoni paa lake liko sawa na nyayo zako. Sisi tumezaliwa katika nchi ya kuchimba. Tumeona mashimo ya Kipushi na ya Ruashi, tunajua uzito wa jiwe na jasho la anayelitoa. Lakini sisi tunachimba ili kitu kitoke, kikaenda zake, na shimo likabaki. Wale walichimba ili kitu kibaki. Nilikaa muda mrefu ukingoni mwa Bete Giyorgis nikiwaza hilo, nikamkumbuka marehemu baba yangu, ambaye maisha yake yote yalikuwa ya mgodi, na sikuona aibu kulia mbele ya watu nisiowajua.

Mapokeo yanayaweka makanisa haya katika utawala wa mfalme Lalibela wa ukoo wa Zagwe, mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13, na mji, ambao zamani uliitwa Roha, ulichukua jina lake. Wenyeji watakuambia kwamba mchana walichonga watu, na usiku malaika. Katika miaka ya 1520 padri mreno Francisco Álvares alifika hapo, akaandika alichokiona, kisha akasema amechoka kuendelea kuandika kwa kuwa hataaminiwa. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1978, mwaka wa kwanza kabisa wa orodha hiyo.

Umesema utakwenda wakati wa Noeli. Inaitwa Genna, huangukia tarehe 7 Januari, na mahujaji huja kwa maelfu, wengi kwa miguu, kwa siku nyingi, wamejifunga shuka nyeupe ziitwazo netela. Asubuhi ya sikukuu, katika ua wa Bete Maryam, makasisi hujipanga juu ukingoni na wengine chini uani, wakaimba kwa kupokezana na kuyumba taratibu, na ngoma kubwa na njuga zao. Ni sehemu ya ibada inayoitwa Beza Kulu. Kama ungeniuliza nichague saa moja ya kurudiwa katika safari zangu zote, ningechagua hiyo. Lakini ujue pia gharama yake: vyumba vinajaa na bei zake hupanda mara kadhaa, msongamano kwenye mitaro ni wa kutisha, na katika zogo hilo urafiki wa wasafiri hauna nafasi ya kuota. Ushauri wangu ni ufike mapema, siku tano au sita kabla, ukutane na watu mji ukiwa bado na nafasi, kisha muingie katika sikukuu mkiwa tayari kikundi. Sisi tulikuwa wanne siku hiyo. Tulishikana mikono usiku kucha ili tusipotezane, na bibi mmoja aliyekuwa ametembea siku nyingi kutoka kijijini kwake alitukata vipande vya mkate wake bila kutuuliza sisi ni nani wala tunaabudu wapi.

Kabla ya sikukuu kuna mfungo wa zaidi ya siku 40, usio na nyama, maziwa wala mayai. Utakula injera, ule mkate mpana wa chachu unaotengenezwa kwa nafaka ya tefi, pamoja na dengu na mchuzi wa shiro. Aliyelelewa kwa bukari, yaani ugali, atajifunza upesi, kwa sababu hapo pia mkono ndio kijiko, na sinia ni moja kwa wote. Mtu akikutengenezea tonge na kukutia mdomoni, usishtuke. Hiyo ni heshima inayoitwa gursha, na inafaa uirudishe.

Upande wa njia: Ethiopian Airlines hutoka Luano, uwanja wetu wa ndege wa Lubumbashi, kwenda Addis Ababa, na kutoka hapo kuna ndege ndogo ya muda wa saa moja hivi hadi Lalibela. Waulize kuhusu nauli ya ndani, kwa kuwa aliyeingia nchini kwa tiketi yao ya kimataifa kwa kawaida hupunguziwa. Basi lipo, linachukua siku mbili, lakini kwa sasa sikushauri hata kidogo. Tangu mwaka 2023 jimbo la Amhara, ambamo Lalibela imo, limekuwa na mapigano kati ya jeshi la serikali na wanamgambo wa Fano, na kabla yake, mwaka 2021, mji wenyewe uliingiwa na wapiganaji kutoka Tigray. Sisi Wakongo hatuhitaji kufundishwa maana ya habari kama hizo. Juma moja kabla ya safari piga simu kwenye nyumba ya wageni utakayolala, uulize hali ilivyo, na kama sauti ya upande wa pili inasitasita, ahirisha. Makanisa yaliyosimama zaidi ya miaka 800 yatakusubiri mwaka mwingine.

Mengine kwa kifupi. Omba viza kwenye tovuti rasmi ya serikali yao, na usisahau kitabu cha njano cha chanjo. Beba dola mpya zisizo na mpasuko hata mdogo, jambo ambalo mtu wa Lubumbashi analijua kwa uchungu, na ubadilishe benki. Mji uko kwenye mita 2,500 hivi, mara mbili ya kimo cha Lubumbashi, hivyo siku ya kwanza panda ngazi polepole. Januari ni kiangazi kwao, lakini usiku una baridi. Chukua soksi nene, kwa kuwa viatu huvuliwa milangoni na mazulia ya makanisa yana viroboto.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watano, Katuba. Binti yangu mwenye miaka 22 anataka kwenda huko na wenzake wawili wa chuo, na anasema watalala katika vyumba vya bei nafuu pamoja na wasafiri wasiowajua. Nimezuia, lakini moyo haujatulia. Je, ni mahali pa msichana? (Mama wa Katuba)

JIBU: Mama, shikamoo. Woga wako si wa kizamani, na sitaki umruhusu kwa kuona haya mbele ya ukurasa huu. Nitakueleza nilivyoona mimi mwenyewe, mwanamke niliyekwenda peke yangu.

Mchana, katika mitaro na makanisa, sikuwahi kuogopa. Mji umejaa makasisi, wazee na mahujaji, na msichana aliyejifunga netela kichwani na kuvaa sketi ndefu huheshimiwa. Usiku ni habari nyingine. Giza lake ni zito, umeme hukatika, na njia zina mteremko. Wakubaliane kurudi chumbani mapema, wakiwa pamoja. Kuhusu vyumba, watatu wanaweza kulipa chumba kimoja chao wenyewe kwa bei isiyozidi sana ya vitanda vya pamoja, na hilo ningelidai kama ningekuwa wewe. Urafiki na wasafiri wengine ufanyike mezani, penye watu, si vyumbani.

Yako mambo ambayo ni afadhali ayasikie kwako kuliko kuambiwa mlangoni. Kwa desturi ya kanisa lao, la Kiorthodoksi la Ethiopia, mwanamke aliye katika siku zake haingii kanisani, na katika Bete Golgota wanawake hawaingii kabisa. Mimi nilibaki nje nikiwa nimekasirika kidogo, nisifiche. Nilikaa kwenye ngazi pamoja na wanawake wengine waliobaki, wenyeji na wageni, na mmoja wao, mwalimu kutoka Addis Ababa, akanieleza habari za mji huo kwa muda mrefu kuliko kiongozi wangu wa kulipwa alivyokuwa amefanya kwa siku mbili.

Mama, mwambie binti alipie pia kiongozi mwenye kitambulisho kwa siku ya kwanza. Kisha mpangiane saa ya simu kila jioni, na asipopatikana kwa usiku mmoja usipagawe, kwa sababu mtandao huko hupotea. Akikosa siku mbili, ndipo utafute.

SWALI: Sisi nyumbani ni Wapentekoste. Je, nikiingia katika ibada yao huko Lalibela ninaruhusiwa kushiriki? Na picha je? (Kijana wa komini ya Kenya, Lubumbashi)

JIBU: Ingia, simama, sikiliza. Komunyo ni ya waumini wa kanisa lao waliojiandaa kwa kufunga, kwa hiyo usijipange kwenye mstari. Utaona kwamba hata wengi wa wenyeji hubaki uani, wakaegemea ukuta, wakabusu mwimo wa mlango na kusali hapo. Ungana nao. Hakuna atakayekuuliza kanisa lako, isipokuwa kwa udadisi wa kirafiki, na ukijibu kwa ukweli mtapata mazungumzo mazuri. Ibada ni ndefu na watu husimama. Ndiyo maana wana zile fimbo za kuegemea, na mzee mmoja aliponiona nikibadili mguu alinipa yake, akabaki amesimama bila kitu.

Kuhusu picha nina neno kali kidogo. Mahujaji wamekuja kusali, na nimewaona wasafiri, Waafrika wenzetu wakiwamo, wakisogeza simu mpaka karibu na uso wa bibi aliyefumba macho. Omba ruhusa, usitumie mwanga wa kamera ndani kwa sababu ya michoro ya kale, na katika ibada iweke simu mfukoni. Katika kundi letu tulikubaliana kwamba mmoja wetu tu atapiga picha kwa siku, kisha atawatumia wengine. Tulianza kwa kuona ni usumbufu. Baada ya siku mbili tukagundua kwamba watatu tusio na simu mkononi ndio tuliokuwa tukisalimiwa.

Usikose njia ya chini ya ardhi katika makanisa ya mashariki. Ni giza tupu, na wenyeji huifananisha na kuzimu. Desturi ni kupita bila taa, ukifuata ukuta kwa mkono. Niliingia nikiwa na mtu nyuma yangu ambaye sikuwahi kumwona, akaweka mkono begani mwangu, nami nikauweka begani mwa aliye mbele. Tulipotoka kwenye mwanga tulicheka wote, tukatajiana majina.

SWALI: Mwaka uliopita nilisafiri na kupata marafiki watatu. Tuliahidiana mengi. Sasa mmoja hajibu, mwingine ananiomba fedha za ada, na wa tatu anataka kuja Kasumbalesa kunitembelea. Nifanyeje? (Mfanyabiashara wa Kasumbalesa)

JIBU: Ndugu yangu, ni watu watatu, basi wape majibu matatu.

Huyo asiyejibu mwache kwa amani. Alichokupa mlipokuwa njiani alikupa kweli, na hana deni nawe. Mtumie salamu siku ya sikukuu yake, mara moja kwa mwaka, bila lawama.

Huyo anayeomba ada, jiulize kama ungempa hata asingekuwa rafiki wa safari. Huko Lalibela vijana wengi huwaomba wageni fedha za vitabu au za shule. Wako wenye shida ya kweli, na wako waliogeuza shida kuwa kazi. Mimi nilipoombwa nilikwenda na kijana mwenyewe shuleni kwake, nikalipa ofisini, nikapewa stakabadhi, na nikamwambia mapema kwamba ni kwa mwaka huo tu. Sikumdanganya na hakunidanganya, na tunaandikiana bado. Ukishindwa kulipa, mwambie hivyo kwa maneno ya wazi leo, usimwache akisubiri simu yako.

Na huyo anayetaka kuja Kasumbalesa, mpokee. Mwambie mapema kuhusu viza, maana ya Kongo si nyepesi, na kuhusu foleni ya malori hapo mpakani na Zambia, ili asishangae. Mlaze nyumbani ikiwezekana, mpikie bukari na sombe (majani ya muhogo), na usimpeleke mjini kila siku kana kwamba nyumbani kwako hapatoshi. Siku moja mlete Lubumbashi kwa ibada ya Jumapili katika kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, mkae naye hadi kwaya imalize, kisha mtafute mahali pa kunywa kahawa, vikombe vitatu.